Kiti cha Kando ya Hita: Bi Tjitske Hoekema Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na minne katika Halmashauri ya Oudemeer, Bi Tjitske Hoekema anastaafu tarehe 16 Januari, siku anayotimiza miaka sitini na saba. Kwa kuwa hapendi sherehe mbili pale ambapo moja inatosha, tumepewa amri: hotuba fupi, kahawa ya kutosha, keki kipande kimoja kimoja.

Alianza kwenye dirisha la vibali vya ujenzi. Huko aligundua kwamba mtu anayesubiri kibali cha kuongeza chumba yuko tayari kusikiliza habari za paa lake, ingawa si kwa muda mrefu. Kila aliyeondoka na kibali aliondoka pia na ushauri wa kuzuia joto lisipotee, na wengi walirudi kuuliza zaidi. Hivyo ndivyo dawati letu la ushauri wa nishati lilivyozaliwa, kabla halijawa na jina wala bajeti.

Ni yeye aliyesisitiza kwamba halmashauri ianze na majengo yake. Shule mbili na bwawa la kuogelea vilipata pampu za joto, mitambo ya umeme inayopasha jengo bila gesi, kabla hatujagonga mlango wa mwananchi yeyote. Jioni moja ya baridi aliwatoa madiwani nje na kamera inayoonyesha mahali joto linapovuja. Jengo letu hili liliwaka jekundu tupu. "Jamani, tunawapasha joto bata wa mfereji," alisema. Mwaka uliofuata madirisha yalibadilishwa.

Lakini ukitaka kumjua hasa, uliza habari za mtaa wa Lijsterstraat. Nyumba zake za kupanga zilikuwa na baridi na unyevu, na kuvu jeusi lilipanda kuta za vyumba vya watoto. Shirika la nyumba lilikuwa tayari kuzikarabati zote na kuondoa hita za gesi, ila sheria ilitaka wapangaji saba katika kila kumi wakubali. Mkutanoni, Bi Aafke Postma, mpangaji wa miaka mingi, alisimama. "Mwanangu, hita yangu nimeishi nayo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu. Na haijaniudhi hata siku moja!" Ukumbi ulicheka, na wengi wakapiga kura ya kukataa kama yeye. Shirika likatoa nafasi ya mwisho: wasipokubali kufikia mwisho wa Januari, mafundi wangepelekwa mji mwingine.

Bi Tjitske alikuwa na nyumba moja tu ya mfano mtaani hapo, iliyokwisha kukarabatiwa, ya Bwana Bouke Rinsma, mzaliwa wa Januari. Alimwomba awaalike majirani kwenye siku yake ya kuzaliwa.

Sote tunazijua siku hizo: viti kwa duara, kahawa, na kile kiti kimoja kando ya hita ambacho hakikaliwi na yeyote tu. Kwa Bwana Bouke kilikuwa cha Bi Aafke tangu zamani. Siku hiyo aliingia, akavuka sebule moja kwa moja, akasimama. Hita haikuwapo.

"Bouke, kiti changu kiko wapi?"

"Keti popote, dada."

"Popote ndiyo wapi?"

Aliketi dirishani, mahali pa wakwe na waliochelewa, vifungo vyote vya koti vimefungwa, akisubiri baridi impige mgongoni ili apate la kusema. Haikumpiga; joto lilienea sebule nzima. Akavua koti. Baadaye akavua sweta. Alipoletewa kipande cha pili cha keki, jambo lisilo la kawaida mjini hapa, alikipokea. Bi Tjitske, aliyeketi mbele yake, hakutamka neno lolote kuhusu nishati. Wanaomjua wanaelewa alivyojikaza.

"Kumbe hapa naona mtaa mzima," Bi Aafke alisema hatimaye. "Nani alininyima haya miaka yote?"

"Hita yako," Bwana Bouke akamjibu.

Wiki ile ile Bi Aafke alipita mlango kwa mlango akiwahimiza majirani wakubali, na alikotiliwa shaka aliingia ndani akaketi mpaka waelewane. Kura zilipopigwa tena zilivuka kiwango. Leo kuta zile ni kavu, watoto wanalala bila kukohoa, na mitaa minne imefuata.

Bi Tjitske, asante kwa subira yako, hasa ile ya kunyamaza. Sherehe itafanyika ukumbi wa juu, viti kwa duara. Bi Aafke alituarifu kwamba atawahi ili achague chake, kisha akacheka, akasema atakuja tu wakati wowote.

Nenda salama, Bi Tjitske. Nyumba yako iwe na joto kila pembe, na wageni wako wakae popote wapendapo.