Donat Kyungu na Mkaguzi wa Desibeli Themanini na Nne

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, Bwana Donat Kyungu anastaafu tarehe 31 Machi 1958. Aliingia ofisi yetu ya vipimo hapa Élisabethville mwaka 1926 akitokea Mitwaba, akiwa na shati moja na barua ya padri iliyomsifu kwamba hasinzii kanisani. Barua hiyo ilitosha. Kwa robo karne alikagua mizani ya wafanyabiashara, na hakuna muuza samaki aliyefurahi kumwona akipita.

Mwaka 1951 ilifika kutoka Ulaya mashine ya kupima makelele, sonometa, ndani ya sanduku lililojaa pamba. Mpini wake ulivunjika siku ya kwanza, kwa hiyo Baba Donat akawa anaibeba mgongoni kwa kitambaa cha mke wake, Mama Jeanne. Huko mtaani Kamalondo akina mama walimsimamisha kumuuliza mtoto ana miezi mingapi. Yeye, mtu asiyejua kudanganya, aliwajibu kwamba huyu halii, anasikiliza tu.

Baba Donat alijifunza mashine ile kuliko sisi sote. Ina mikrofoni inayopokea mtikisiko wa hewa na kuugeuza kuwa umeme; umeme unasukuma mshale, na mshale unaonyesha desibeli. Ina pia kitufe cha kuifanya isikie kama sikio la mtu, ambalo halizijali sana sauti nzito za chini.

Mkaguzi wetu wa wakati ule, Bwana Delvigne, hakutaka maelezo. Alitaka sifuri. Aliamini kwamba ofisi ya kupima makelele haina haki ya kuwa na makelele yake, akaagiza tufikishwe kwenye sifuri kabla ya Jumamosi. Saa ya ukutani ilitolewa nje. Mashine za kuandikia ziliwekwa juu ya magodoro. Siku ya tatu tuliamriwa kuvua viatu na kupumua kwa zamu, na mshale bado ukakaa kwenye thelathini na moja.

"Bwana, sifuri haiko kimya," Baba Donat alimwambia. "Sifuri iko ile sauti ya kidogo kabisa, sikio muzuri inaweza kusikia. Hii mashine yenyewe haifike kule. Iko nasikia makelele ya tumbo yake."

Mkaguzi aliandika kwamba mashine ina ugonjwa wa tumbo. Magodoro yalirudishwa.

Kisha ikaja Juni 1953, wiki moja kabla ya Idi. Mkazi mmoja wa Kamalondo alilalamika juu ya karakana ya fundi Nasoro, mshonaji mwenye asili ya Maniema, aliyekuwa na cherehani nane na kanzu nyingi za sikukuu zikisubiri. Amri ya wakati ule iliruhusu desibeli sabini na tano tu dirishani kwa jirani. Cherehani moja ilipimwa, ikatoa sitini. Ofisini karani akazidisha sitini kwa nane, akaandika mia nne na themanini.

Mkaguzi alifurahi sana. Hakuna mzinga wa vita uliowahi kufika hapo. Aliagiza cherehani zote zichukuliwe Jumamosi, na wafanyakazi wazibe masikio kwa nta watakapozibeba.

Ijumaa asubuhi Baba Donat alifunga mashine mgongoni, akamwomba Mkaguzi aje asikie mzinga huo kabla haujanyamazishwa. Waliisimamisha sonometa dirishani kwa jirani. Fundi Nasoro, ambaye hakuwa amelala siku mbili, akaanza kukanyaga cherehani moja. Sitini. Wenzake wakaingia mmoja baada ya mwingine. Mbili: sitini na tatu. Nne: sitini na sita. Zote nane zikalia pamoja, na mshale ukapanda mpaka sitini na tisa, ukatulia.

"Hii mashine iko nachoka," alisema Mkaguzi.

"Hapana, Bwana. Desibeli haihesabiwe kama ndizi. Ukiongeza makelele mara mbili, mushale inapanda tatu tu. Mara kumi, inapanda kumi."

"Nane mara sitini!" alipaza Mkaguzi, uso umewiva. "Nane mara sitini!"

Mshale uliruka. Baba Donat, ambaye alikuwa ameagizwa kuandika kila kipimo, aliandika: *Saa nne na dakika kumi. Cherehani nane: 69. Bwana Mkaguzi, peke yake: 84.* Mkaguzi alitia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake.

Karatasi ilipanda kwa wakubwa, na cherehani ziliachwa mahali pake zikisubiri jibu. Baada ya wiki mbili lilirudi jibu: karakana ya mshonaji iko ndani ya sheria, iachwe. Ama ule mtambo uitwao Mkaguzi, umepita kiasi. Usimamishwe mara moja, na ofisi ieleze una nguvu ya farasi wangapi na kama unaweza kufunikwa.

Idi ilikuwa imekwisha pita, na kila aliyekuwa na kanzu kwa fundi Nasoro aliivaa.

Bwana Delvigne hakucheka. Alimwita Baba Donat mbele yetu, akaweka mezani ile hesabu ya mia nne na themanini, akauliza ni mpumbavu gani aliyeipiga. Karani aliyeipiga ni mimi, Désiré, ninayeandika maneno haya. Nilikuwa na mwezi wa pili kazini.

"Ni hesabu ya ofisi, Bwana," alisema Baba Donat. "Na mimi niko muntu wa ofisi."

Kwa adhabu alipelekwa miezi minane kupima kwenye mashine za kusaga mawe, ambako mshale haushuki chini ya mia moja. Alirudi sikio la kushoto likiwa limepungua kusikia. Bwana Delvigne alikuwa amekwisha hamishwa. Siku aliyorudi, Baba Donat alivuta kiti karibu na meza yangu, akanifundisha desibeli mpaka saa ya kufunga. Hakutaja mengine, nami sikuyataja kwa miaka minne.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwake. Mama Jeanne alinikaribisha bukari, ugali wetu wa huku, na samaki, nami nikashindwa kula mpaka nimwombe mumewe msamaha na ruhusa ya kuyaandika haya wazi. Ilinibidi niseme mara mbili, upande wa kulia.

"Andika, mwanangu," alisema. "Sasa kula, bukari inapoa."

Baba Donat, ofisi nzima inakushukuru, na mimi zaidi ya ofisi. Wewe na Mama Jeanne mfike salama Mitwaba, mashamba yawazalie, na kila anayetaka kuzungumza nawe akae upande wa kulia.