Mama Kafuri na Vazi Aliloondoka Nalo

Ndugu waombolezaji, mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kafuri, na wengine mkiziba pua mlipomwita hivyo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, nyuma ya soko la mitumba, akiwa mtoto wa tatu wa mkunga na mchapaji. Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza kidato cha nne Novemba 1978, alitaka uuguzi, akaambiwa nafasi zimejaa.

Tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa hospitalini kuwa mhudumu wa chumba cha maiti, akakabidhiwa ndoo, brashi na ufunguo, basi, glavu hakuna, barakoa hakuna. Mzee aliyemtangulia alimfundisha alichokijua, kitambaa chenye kafuri na mafuta ya mkaratusi puani, makopo ya mkaa kila kona yanyonye harufu, kahawa ikaangwe kwenye bati akiletwa maiti wa siku nyingi, mikono isuguliwe kwa ndimu hadi ichubuke. Aproni alijitafutia mwenyewe, akapeleka kipande cha turubai kwa fundi cherehani, fundi akauliza, "Ya kupikia?" mama akajibu, "Ya kuoshea wasioweza kujiosha," na fundi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakumwambia mteja arudi kesho. Fundi huyo ndiye baba yetu, walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986, wakatuzaa sisi watatu, mwaka 1988, 1991 na 1995.

Mwaka 1997 feni ya kutolea hewa iliharibika, mvuke wa dawa ya kuhifadhia maiti ukabaki humo ndani ukimchoma macho na kifua. Mama aliandika barua kumi na moja, nakala tunazo. Mtunza stoo, aliyekuwa na maboksi ya barakoa kabatini yakingojea wageni, alimwambia mbele ya watu, "Maiti wenyewe hawalalamiki, wewe unalalamika nini?" Mama akamjibu, "Wao hawapumui, mimi napumua."

Tarehe 8 Septemba 2009 wageni hao walifika kukagua, mama akavalishwa vazi jipya la kumfunika mwili mzima, buti, glavu ndefu na barakoa yenye vichujio, akapigwa picha, na gari la wageni halijatoka getini mtunza stoo akanyoosha mkono, "Vua, mama, vinarudi stoo." Hakuvua. Alitoka navyo, akapita katikati ya soko watu wakimpisha, akafika nyumbani, akamwambia baba, "Leo ndiyo nimejua nilichonyimwa miaka ishirini na sita." Alisimamishwa kazi miezi mitatu kwa kosa la kuchukua mali ya umma, wenzake wakagoma kuingia kazini bila mavazi kama yale, na siku ya nne kabati likafunguliwa, feni ikatengenezwa ndani ya wiki moja, kazi iliyokuwa imeshindikana miaka kumi na miwili!

Alistaafu tarehe 14 Machi 2021, kikohozi akastaafu nacho. Daktari alipoona picha ya mapafu yake aliuliza amefanya kazi kiwanda gani. Alifariki Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi, baba akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, tunawashukuru majirani, hata mliochelewa kukaa karibu naye. Uongozi wa hospitali umeleta shada la maua na barua inayomwita nguzo ya idara, tumeipokea, nasi tunaujibu hapa hapa mbele ya jeneza la mama, kwamba wenzake waliompokea mama Jumanne ile walimwosha wakiwa wamevaa mifuko ya plastiki mikononi, maana glavu zilikwisha wiki iliyopita. Wamesimama pale nyuma, hawakutaka kukaa na watu. Tunawashukuru kuliko wote, na tunawaomba waje mbele, viti hivi vya kwanza ni vyao.

Mama yetu, lala, upumzike kwa amani.