Ukingo Mmoja wa Mama Harriet Driwaru, Fundi wa Vioo (1968–2025)

Mama Harriet Driwaru alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 kijijini Midia, Koboko, kwa marehemu mzee Igga na marehemu mama Driciru. Inasimuliwa kwamba mdogo wake Saturnino alipozaliwa, Harriet alikataa uji mpaka mtoto mchanga naye alambishwe kidogo. Hiyo ndiyo habari ya kwanza tuliyo nayo juu yake, na waliomfahamu hawataishangaa.

Alisoma shule ya msingi Midia hadi darasa la tano. Mwaka 1980 vita viliisukuma familia kuvuka mpaka, wakaishi Ariwara, upande wa Congo, na shule ikaishia hapo. Kilichopatikana ni karakana ya mzee Jacques, ambaye aligeuza chupa zilizovunjika kuwa vioo vya rangi vya madirishani. Hebu fikirini: chupa ya bia inaingia kwenye tanuri ikiwa takataka, inalainika kama nta, inatoka ikiwa samaki au vazi la malaika. Harriet alisimama mlangoni kutwa nzima akitazama, mpaka mzee akamwambia, "Kama hautoke, basi fanya kazi."

Mzee Jacques alikuwa na sheria yake. Kwake, kioo kinachokata mkono bado ni chupa iliyovunjika. Kwa hiyo mwenye haki ya kuchora alama yake hakuwa aliyekata wala aliyechoma, bali yule aliyesugua ukingo wa mwisho hadi ukawa laini. Harriet alijifunza pamoja na Régine, binti wa mzee mwenyewe, aliyekuwa na mkono mwepesi kupita kiasi. Mara nyingi Harriet alikata, akapanga, akachoma, akatoka kidogo, na akirudi anakuta ukingo umekwisha na R imeshachorwa.

"Uliacha kazi, nikaimaliza," Régine alimwambia. "Sasa unanuna nini?"

Harriet akaanza kuficha vioo vyake chini ya mkeka.

Alirudi Uganda mwaka 1987, akafungua karakana Arua, jirani na soko. Alikuwa na amani mpaka mwaka 1998, Régine naye alipovuka mpaka na kupanga chumba kwenye barabara ileile. Régine alijua kuonyesha. Alipaka ukuta chokaa, akaning'iniza vioo kwa waya mbele ya dirisha, rangi zikamwagika sakafuni na watoto wakazikanyaga wakicheka. Harriet yeye alikuwa akivilaza vyake mezani kama chapati. Akapita pale akijifanya anatafuta kuku. Kesho yake, kwa Harriet meza iliondoka na waya zikafungwa.

"Kuku ulimupata?" Régine akauliza.

"Nilimpata. Alikuwa amesimama kwako anatazama upuuzi."

Ndoa yake na mzee Kasimiro Obitre wa Dadamu ilifungwa tarehe 9 Desemba 1989. Katika uchumba, mzee alimletea zawadi aliyoinunua Ariwara kwa nia njema kabisa: samaki wa kioo cha kijani. Harriet akapitisha kidole pembeni, akaikuta R. "Huyu samaki atalala nje," akasema. Samaki akalala juu ya banda la kuku, naye Kasimiro akakubaliwa. Tangu hapo mzee hakusifu dirisha lolote kabla ya kuuliza nani amelitengeneza.

Ukingo wa kioo husuguliwa kwa maji ili vumbi lisiruke, lakini maji huchelewesha. Mwaka 2014, kabla ya maonyesho ya mafundi Koboko, Harriet alisikia kwamba Régine anakaribia kumaliza kazi yake. Akafunga mlango, akasugua vioo vikavu, bila maji. Régine akasimama dirishani.

"Tia maji, Harriet. Hiyo vumbi iko kisu."

"Wewe unataka nichelewe."

Kazi ya Harriet ikawa ya kwanza Koboko, naye akaizoea njia hiyo. Kikohozi kilianza mwaka 2019. Madaktari walisema vumbi la kioo limekaa kwenye mapafu na halitoki.

Hata hivyo alianza kazi yake kubwa kuliko zote, dirisha la kanisa la hapa Dadamu: kanga wakinywa maji kijitoni, kila doa la manyoya ni kipande chake. Mwezi Aprili mwaka huu ulibaki ukingo wa chini tu, na mikono ikakataa. Mzee Kasimiro, bila kuomba ruhusa, akamleta Régine.

"Nipe nimalize," Régine akasema.

"Na alama?"

"Sheria ya baba unaijua."

Harriet akavuta pumzi kwa shida. "Basi ibaki hivyo hivyo. Ikate watu."

Régine akacheka, na Harriet naye akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Tangu siku ile Régine alikuja kila jioni kumwogesha na kumsuka. Kioo kilibaki kimeviringishwa katika blanketi, kando ya kitanda chake upande wa ukutani, mahali ambapo mgeni hafiki bila kumruka mgonjwa.

Mama Harriet alifariki nyumbani alfajiri ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025. Familia ilimwomba Régine amalizie ukingo ili dirisha liwekwe. Alikuja na jiwe lake la kusugulia na maji, akapitisha kidole, damu ikatoka. Akaufuta ule mkono, akalifunga jiwe katika kitambaa.

"Hapana," akasema. "Nikisugua, itakuwa yangu. Iache. Mutu akigusa itamukata, atajua iko ya nani."

Kwa hiyo dirisha limewekwa kama lilivyo, upande wa mashariki, nalo halina alama. Tunaomba waombolezaji walitazame, wasishike ukingo wa chini.

Marehemu ameacha mume, mzee Kasimiro Obitre. Watoto Driciru, Anguzu na Dany. Mdogo wake Saturnino. Na wajukuu saba. Ameacha pia Régine, ambaye marehemu mwenyewe aliagiza atajwe, "lakini baada ya wajukuu."

Mungu ampokee mama yetu, ampe amani.