Sumaku Iliyonirudishia Jina la Mjukuu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasema kwa kinywa hiki hiki kilichokataa kusema!

Mimi ni Mama Byaombe, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, hapa mjini Baraka. Mnajua nilivyokuwa na mdomo; sokoni sauti yangu ilifika kabla ya beseni. Asubuhi moja nikaanguka jikoni. Nilipoinuka, maneno hayakutoka tena, ingawa niliyajua. Na ajabu, nyimbo za kanisa niliziimba zote, beti kwa beti! Basi mkasema, "Anaimba vizuri, juu ya nini haongei? Iko na kasirani tu."

Kisha mkwe wangu Riziki akazaa mtoto wake wa kwanza, wa kike. Kwetu jina linatoka kinywani mwa bibi, mama wa baba. Watu wakajaa uani, nikapewa mtoto mikononi. Nikataka kumpa jina la marehemu mama yangu, Wabiwa. Likatoka neno, "Ndagala!"

Aibu gani hiyo, ndugu zangu! Riziki akalia, "Mama iko anachukia mutoto wangu!" Akafunga vitu vyake, akarudi kwao Fizi na mtoto. Nililia kuliko yeye, maana hata kumwomba abaki sikuweza.

Mwanangu Byaombe, mume wa Riziki, akanipeleka hospitali kubwa Nairobi. Daktari akaeleza: damu iliganda ikaziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo, mahali pa maneno, nyimbo zina njia nyingine. Upande wa kulia nao ulikuwa unaingilia kazi ya ule wa kushoto. Wakaniwekea kichwani sumaku ya umeme, tak-tak-tak, bila kisu, ili kuutuliza ule wa kulia na wa kushoto ujaribu tena. Halafu mwalimu wa kufundisha kusema akawa ananionyesha picha nizitaje. Siku nyingi sikupata kitu. Niliomba moyoni tu. Siku moja nikasema "maji", na picha ilikuwa ya maji kweli! Nilimkumbatia daktari hadi miwani yake ikaanguka.

Niliporudi, nikapanda pikipiki moja kwa moja hadi kwao Riziki. Akatoka na mtoto mgongoni, hakunisalimia. Nikasema polepole, "Riziki... mutoto iko Wabiwa. Jina ya mama yangu." Akapiga magoti, tukalia wote wawili.

Daktari alinionya kwamba si kila mgonjwa anasaidika hivyo, na mimi mwenyewe maneno mengine bado yananiponyoka. Lakini Mungu ni mwema! Ndugu yangu mwenye mgonjwa aliyenyamaza, usiseme amekasirika. Mtumaini Bwana, mpeleke kwa waganga wa hospitali, na umsubiri amalize kusema.