Harusi Aliyoikataa Bibi Ok-bun

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tumkumbuke bibi Pyo Ok-bun, aliyetutoka juzi. Wengi mlimfahamu kwa supu yake ya samaki mkavu, pale njia ya mlimani. Leo nataka mumfahamu kwa harusi aliyoikataa.

Utani wetu mnaujua. Mtu akishaoa, ndugu za mke humfunga miguu na kumchapa nyayo kwa samaki mkavu. Watu hucheka, mama mkwe huleta chakula. Sasa Cheol-gu, kaka yake Ok-bun, hakungoja harusi. Siku ya uchumba, akiwa amelewa chakari, alimfunga Tae-sik, mchumba wa dada yake. Akamchapa mpaka samaki akakatika. Kisha akaokota nyundo ya mbao, ile ya kupondea samaki.

"Shemeji, huyu wa pili hakatiki," akasema.

Mfupa wa mguu ukavunjika. Wote waliusikia. Tae-sik akajinasua, akampokonya nyundo, akampiga nayo mdomoni. Meno yakadondoka kwenye theluji. Akaiinua tena. Ok-bun akajitupa katikati, na pigo hilo likamvunja yeye bega.

Ok-bun akakataa kuolewa. Mama yake akamsihi, "Mwanangu, wanaume ndivyo walivyo. Kwani baba yako hanipigi?"

"Ndiyo maana, mama," akajibu.

Narudia, wasikilizaji: alikataa. Majira ya baridi yaliyofuata, Tae-sik alikuja akichechemea kuomba kazi ya kuanika samaki kwa kina Ok-bun. Ok-bun akamkalisha kwenye jiwe la kupondea, mbele yake. Misimu mitatu walikaa hapo. Mwanamke yule alimchokoza makusudi. "Unamponda samaki au unambembeleza?" Alimuuliza mambo ambayo wachumba huogopa kuulizana. Nani alikupiga utotoni? Ukikasirika, unakwenda wapi?

Siku moja Tae-sik alimsaga samaki mzima akawa unga. Akainua nyundo. Akaiweka chini, akatoka nje bila koti. Aliporudi, midomo imebadilika rangi kwa baridi, akasema, "Nilitaka kukupiga. Nikaogopa, nikatoka."

"Kaa," Ok-bun akamwambia. "Sasa tunaweza kuzungumza habari za harusi."

Cheol-gu aliniambia jana, akiwa na meno yake ya bandia: "Siku ya harusi Tae-sik alininyooshea nyayo mwenyewe. Nikashika samaki, nikashindwa. Nililia mbele za watu."

Mzee Tae-sik, pole sana. Cheol-gu na ukoo wote, poleni. Msibani watu walimsifu mzee kwamba hakumwinulia mkewe mkono maisha yao yote. Akawakatiza. "Msinisifu mimi. Yule Tae-sik wa kwanza angempiga. Ok-bun alikataa kuolewa naye."

Nanyi mnaoshona nguo za harusi, mmeshaonana mkiwa na hasira? Kama bado, wasikilizaji wapendwa, iacheni kwanza hiyo sindano.