Mpiga Piano, Si Mpiga Chapa

Wasifu wa marehemu mama yetu, ulioandikwa na kusomwa na binti yake

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki,

Mama yetu alikuwa azikwe Jumatano. Leo ni Jumamosi. Najua yamesemwa mengi kuhusu siku hizo tatu: kwamba watoto tunagombania nyumba, kwamba jeneza lilikosewa vipimo, kwamba kuna mtu tunamsubiri kutoka ng'ambo. Hakuna hata moja la kweli. Mazishi yalichelewa kwa sababu ya neno moja kwenye kibali, na aliyelikataa neno hilo ni mimi. Nitalieleza likifika mahali pake. Kwanza mumjue marehemu, maana wapo hapa waliomjua maisha yao yote na hawajawahi kumsikia.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 9 Machi 1949, katika nyumba za reli nyuma ya stesheni, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa karani wa tiketi na mama yake fundi cherehani. Alizaliwa mtu wa shoto. Kijiko alishika kwa kushoto, jiwe alirusha kwa kushoto, na kaka yake mkubwa, ambaye sisi tunamwita Mjomba na ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi haya, alionja makofi ya kushoto zaidi ya mara moja. Bibi hakumkanya. Alimkalisha kwenye cherehani akamwambia, "Gurudumu halijui mkono, mwanangu. Wewe zungusha tu."

Shule ya msingi alianza Januari 1956. Mwalimu wa darasa la kwanza alimchapa rula kwenye vidole vya kushoto kila aliposhika penseli, mpaka akajifunza kuandika kwa kulia. Hati yake ya kulia ikaja kuwa nzuri kuliko ya mwalimu, na hilo nalo lilimletea rula. Mwaka 1963 aliingia sekondari ya wasichana ya bweni, na huko ndiko alikokutana na piano. Ilikuwa bwaloni, imefunikwa kitambaa cha meza, na juu yake wanafunzi walirundika sahani chafu. Upande wa pili wa ukuta palikuwa jikoni, na mpishi alikuwa na redio. Kila Alhamisi saa kumi jioni redio ile ilitoa jazi nusu saa. Marehemu alisikiliza kupitia kidirisha cha kupitishia sahani, halafu akazitafuta sauti zile kwenye piano moja moja, kama mtu anayepapasa swichi gizani. Mpishi alikuwa akichungulia na kusema, "Siyo hiyo, binti. Ile ilikuwa juu kidogo. Rudia." Basi mwalimu wake wa kwanza wa jazi alikuwa mpishi asiyejua kusoma noti hata moja, na marehemu hakuona haya kulisema hilo mbele ya watu wenye shahada zao.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1966. Babu alitaka binti yake awe na kazi ya heshima, akamlipia mafunzo ya kupiga chapa. Tarehe 3 Aprili 1967 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya meneja wa hoteli inayotazamana na stesheni. Pale hotelini kulikuwa na piano kwenye ukumbi wa chai, na saa ya chakula cha mchana, wenzake walipokwenda kula, yeye alikwenda kupiga. Haikupita miezi kumi meneja akagundua kwamba wageni wa chakula cha mchana hawaondoki, wanaagiza chai ya pili na ya tatu. Kuanzia Februari 1968 alimtoa ofisini akamweka ukumbini, kila siku kuanzia saa tisa alasiri.

Hapa ndipo tatizo letu lilipozaliwa, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Marehemu alihama kiti, lakini jina la kazi halikuhama. Kwenye daftari la wafanyakazi aliendelea kuitwa mpiga chapa. Alipokwenda kuuliza, karani wa hoteli akamwambia, "Nafasi ya mpiga piano haipo, dada. Iliyopo ni ya mpiga chapa."

Marehemu akamjibu, "Basi futa chapa, uandike piano. Mpiga umeshaandika, kazi nusu imekwisha."

Karani hakufuta. Kwa miaka kumi na miwili mwanamke aliyejaza ukumbi ule kila alasiri alikuwa, kwa mujibu wa karatasi, anapiga barua. Na watu wa nyumbani waliipenda karatasi ile kuliko masikio yao. Mjomba alipoulizwa dada yake anafanya nini pale hotelini, alijibu kifua mbele, "Ni mpiga chapa." Hakuwa anadanganya. Daftari lilikuwa upande wake.

Wenzake wa bendi ya pale hotelini walimwita Shoto, kwa sababu ya ule mkono wa rula. Walikuwa watatu: yeye, mpiga besi na mpiga dramu. Mkono wake wa kushoto ulitembea chini huko kwenye sauti nzito kiasi kwamba mwaka 1973 meneja, akitafuta pa kubana matumizi, alimfukuza mpiga besi. Alisema mkono wa kushoto wa huyu mama unatosha kwa wote wawili. Siku iliyofuata marehemu alikaa kwenye piano, akaweka mkono wa kushoto mapajani, akapiga kwa mkono wa kulia peke yake. Siku ya pili vilevile. Wageni wakaanza kuulizana huu muziki umekonda nini. Siku ya nane meneja akaja mwenyewe: "Huo mkono una nini?"

"Umeachishwa kazi pamoja na mwenzake," marehemu akasema.

Siku ya tisa mpiga besi alirudi na besi lake mgongoni. Jumamosi ya tarehe 14 Desemba 1974 walifunga ndoa. Baba yetu alipenda kusema kwamba yeye ndiye mwanamume pekee anayemfahamu aliyeoa kwa sababu ya mgomo. Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu ambaye ni fundi umeme, na mimi. Waliishi pamoja miaka ishirini na minne, wakigombana kuhusu mwendo wa nyimbo tu, mpaka baba alipofariki tarehe 2 Novemba 1998. Marehemu hakuolewa tena. Alipoulizwa, alisema amekwisha kumzoea yule, na huyo mwingine angemweleza nini kuhusu besi.

Tarehe 31 Mei 1980 aliacha kazi hotelini. Barua aliiandika kwa mashine ya ofisi, bila kosa hata la nukta, nayo ninayo hapa: "Mimi mpiga chapa wenu ninaacha kazi ya kupiga piano. Tafadhali mtafuteni mpiga chapa mwingine mumkalishe kwenye piano, muone." Tangu hapo bendi ilipiga kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi wa reli, kwa miaka ishirini na sita. Mwaka 1986 walirekodi kaseti. Marehemu alimpelekea kaka yake nakala moja. Ilirudi baada ya wiki, haijafunguliwa, ndani ya bahasha ileile.

Nyumbani alifundisha piano watoto wa mtaa mzima, na wa shoto aliwapokea kwanza. Kila asubuhi saa kumi na mbili kamili alikaa kwenye piano, akafanya mazoezi mpaka saa mbili, Sikukuu na siku ya kazi. Sisi watoto tuliamshwa na ngazi za sauti, juu chini, juu chini, na majirani hawakuhitaji saa. Sitasema alikuwa malaika. Aliunguza masufuria yasiyohesabika kwa sababu aliweka wali jikoni na kwenda "kujaribu kitu kidogo". Alikuwa mbishi, na ukimwambia ana kipaji alinuna. "Kipaji unapewa," alikuwa akisema. "Mimi sikupewa. Nilifanya kazi."

Tarehe 11 Februari 2019 alipatwa na kiharusi kilichoua mkono wake wa kulia. Daktari, kijana mpole, alimpa pole, akasema anasikitika kumwambia mwanamuziki habari kama hiyo. Marehemu, ulimi bado mzito, alimjibu, "Daktari, amechukuliwa msaidizi tu. Bosi yupo." Baada ya miezi mitano alikuwa kwenye piano tena, mkono wa kushoto peke yake, na hapo ndipo nilipoelewa ni nini hasa mkono ule ulikuwa ukifanya miaka yote. Nililia jikoni, nikaunguza sufuria yangu mwenyewe. Mwaka huu, mwezi wa Agosti, moyo ulianza kumsumbua, na tarehe 29 Septemba alilazwa hospitali ya wilaya, wodi namba nne.

Ijumaa ya tarehe 3 Oktoba nesi alikuja kujaza fomu. Jina, umri, akafika kwenye kazi. Nikasema mpiga piano. Nesi akamwangalia bibi wa miaka sabini na sita aliyelala na mpira wa hewa puani, akaandika: mstaafu. Marehemu alifumbua jicho moja.

"Nani kakwambia nimestaafu?"

Nesi akacheka, akafuta. Alipoondoka, mama alinishika kwa ule mkono wa kushoto, na ulikuwa bado una nguvu. "Mimi nikiondoka wataniandika wanavyotaka wao," alisema. "Usiwaache." Nikamwahidi. Alifariki Jumapili tarehe 5 Oktoba 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mimi na kaka yangu tukiwa naye. Nimeumia, na bado naumia.

Jumatatu Mjomba alikwenda kuchukua kibali cha mazishi. Jioni nikakisoma. Penye kazi palikuwa pameandikwa: mpiga chapa mstaafu. Maneno mawili na nusu, yote ya uongo isipokuwa hiyo nusu, "mpiga". Jumanne asubuhi nilikuwa dirishani kwa karani wa vibali.

"Dada," karani akasema, "yote si kupiga?"

"Na wewe unapiga muhuri," nikamwambia. "Nikuandike bondia?"

Alicheka sana, lakini sheria ni sheria. Marekebisho lazima yatiwe sahihi na yule aliyetoa maelezo, yaani Mjomba. Nilikwenda kwake siku hiyohiyo. Aliniuliza, "Unataka niandike kwa mkono wangu kwamba dada yangu alikuwa anapiga piano baa?"

"Hoteli, Mjomba."

"Hoteli yenye baa."

Nikamwambia basi mama hazikwi. Wazee wa ukoo waliniita, shangazi zangu wakaniita, nikaambiwa sina adabu, nikaambiwa mama yangu analala kwenye baridi kwa ajili ya kiburi changu. Hilo la mwisho lilinichoma, nalo bado halijapoa. Lakini nilijua tukifukia leo na neno lile, tumelifukia kabisa, na mtoto wa mjukuu wangu akitafuta siku moja ataambiwa bibi yake alikuwa anachapa barua.

Mpiga dramu, ambaye sasa ana miaka themanini na moja, aliposikia habari hizi alikwenda nyumbani kwa Mjomba Jumatano asubuhi, akasalimia vizuri, akakaa sebuleni. Hakugombana na mtu. Alikaa akigonga vidole kwenye mkono wa kiti, mpaka adhuhuri. Akaaga kwa heshima. Alhamisi akarudi tena na kukaa kiti kilekile. Saa tano Mjomba aliniita, akaomba kalamu. Alipomaliza aliniambia, "Nimeweka sahihi. Sijasema nimekubali."

Nikamjibu, "Shikamoo, Mjomba. Sahihi ni sahihi."

Kibali ninacho mkononi. Jina la mama yetu, umri wake, na hapa penye kazi: mpiga piano. Hakuna mstaafu. Mnaotaka kukiona, pitieni kwangu kabla hamjaondoka.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano na kitukuu mmoja, msichana, ambaye kijiko ameanza kukishika kwa kushoto na hakuna atakayemgusa. Ameacha kaka mmoja na dada mmoja, mpiga dramu wake, na wanafunzi ambao hatujui idadi yao, lakini tunawaona wamesimama kule nyuma mpaka barabarani.

Imebaki sala ya mwisho, ile tunayoisema sote kwa pamoja kila tunapozika. Leo naomba tuyasikilize maneno yenyewe. Asiye na kazi haambiwi apumzike. Kupumzika anaambiwa aliyetoka kazini. Kwa hiyo kila atakayefungua mdomo kumwombea mama yetu pumziko hapa kaburini, na wewe Mjomba, mbele ya watu wote hawa, atakuwa amekubali.

Simameni tuseme. Mpiga piano huyu apumzike kwa amani.