Marahaba Iliyofika Ghorofa ya Nne

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana kuna mwaka niliitoa salamu hii chumbani peke yangu, ikaitikiwa na ukuta.

Mimi ni kocha wa riadha, mtoto wa kijijini Mgori. Wengine nimewakimbiza mchakamchaka hapa Mandewa mkanichukia. Mwaka wa korona nilikuwa Italia, nafundisha vijana wa klabu moja mbio ndefu. Lakini ushuhuda wangu unaanzia nyumbani, asubuhi niliyoondoka.

Baba alitaka nisubiri tuvune alizeti kwanza, maana mtoto wa kiume niko peke yangu. Mimi nikasema mkataba hausubiri alizeti. Tukagombana siku tatu. Siku ya safari nikampita amesimama penye mlango wa zizi, begi langu begani, sikumwamkia. Ndugu zangu, sikumpa baba yangu shikamoo! Kwetu hata mlevi hafanyi hivyo. Nilijua nilichofanya, na nikaenda zangu.

Korona ikaingia. Viwanja vikafungwa, mashindano yakafutwa, kwenda dukani mpaka ubebe karatasi ya kujieleza kwa polisi. Mimi niliyezoea upepo wa Singida nikawa nakimbia papo hapo kati ya kitanda na jiko, ghorofa ya nne, nikiwasimamia vijana wangu kwa simu. "Inua goti!" napiga kelele, na bibi wa chini anagonga dari yake kwa ufagio. Tungeelewana lugha nadhani angenitukana vizuri.

Kisha hamu ya nyumbani ikanishika. Nilitamani ugali wa uwele na mlenda hadi nikalia mbele ya sahani ya tambi. Nilitamani hata vumbi. Zaidi ya yote nilitamani sauti ya baba. Kila Jumapili nilipiga simu, dada yangu anapokea, nauliza baba yuko wapi. "Yuko zizini." Kila Jumapili zizini! Na ng'ombe wenyewe sita tu. Nilielewa. Nje ving'ora vya magari ya wagonjwa vinapita, ndege hakuna, nami nawaza: mmoja wetu atakufa na jambo hili likiwa kati yetu. Nikaacha kula. Nikaacha na kuomba, msinishangae. Ningeanzaje kumwita Mungu Baba?

Siku moja ufagio haukugonga. Siku ya pili, kimya. Nikashuka, nikabisha hodi. Bibi akafungua, amedhoofika, hana wa kumwendea dukani. Nikaenda kumnunulia mkate, maziwa na viazi. Aliponyoosha mikono kupokea, magoti yangu yakainama yenyewe, mdomo ukasema, "Shikamoo."

Hakuelewa kitu. Akatabasamu tu. Mimi nikakaa kwenye ngazi nikalia kama mtoto aliyechapwa. Ndugu zangu, Bwana alinikamata pale! Nilichomnyima baba yangu mzazi nimempa mgeni bila hata kuombwa. Nikatubu palepale kwenye ngazi.

Nikapanda, nikapiga simu. Dada akaanza yaleyale ya zizini. Nikamkatiza, "Ipeleke simu hukohuko." Nikasikia nyayo zake, nikasikia ng'ombe, nikasikia baba anakohoa. Nikapiga magoti sakafuni.

"Shikamoo, baba."

Kimya. Nimepima muda maisha yangu yote, ule sikuweza kuupima. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Haleluya! Mlango wa jengo bado umefungwa, na mimi nimefunguliwa! Tangu hapo tuliongea kila Jumapili: mvua, alizeti, ndama aliyezaliwa. Lakini kabla ndege hazijaanza kuruka, baba akafariki. Sikumzika. Nilipofika, nyasi zilikuwa zimeshaota kaburini. Bado namtamani, sitawadanganya. Wokovu haujaniondolea hamu ya baba yangu. Ila naweza kusimama pale kaburini bila kuona haya, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku.

Na wewe unayepishana na mzazi wako uani kama hamjuani, mwamini Yesu, atakupa magoti ya kuinama. Simu zipo, miguu ipo. Tena wengine hamhitaji hata simu. Nawaona kutoka hapa mbele: mtoto ameketi benchi hili, mama yake ameketi lile la nyuma, na wote mmeniitikia amina. Usingoje ibada iishe. Geuka umwamkie.